Jinsi ya Kukusanya na Kusimamia Data za Utafiti wa Kitabibu

Kila namba iliyomo kwenye jedwali la matokeo ya utafiti wa kitabibu inapaswa kuwa na njia ya kurudi ilikotoka: kutoka jedwali hadi kanzidata, kutoka kanzidata hadi fomu, na kutoka fomu hadi faili la mgonjwa, karatasi ya maabara au mashine iliyotoa kipimo hicho. Njia hiyo ikikatika mahali popote, namba inabaki kuwa dai tu, hata kama aliyeiandika ni mtu mwaminifu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtafiti, muuguzi wa utafiti au msimamizi wa data ambaye itifaki yake, yaani mpango rasmi wa utafiti, imekamilika au inakaribia kukamilika, lakini bado hajajaza hata fomu moja.

Masharti ya msingi si siri. Mwongozo wa kimataifa wa utendaji bora wa tafiti za kitabibu, unaojulikana kama ICH E6, ulipitishwa mwaka 1996, ukaongezewa vipengele mwaka 2016, na toleo lake la tatu likapitishwa Januari 2025. Katika matoleo yote, matarajio kuhusu data yamebaki yaleyale kwa asili yake: ijulikane nani aliandika na lini, maandishi yasomeke, yaandikwe wakati jambo linapotokea wala si kwa kukumbuka baadaye, yawe ya awali au nakala iliyothibitishwa, na yawe sahihi. Ukizishika sifa hizo, sehemu kubwa ya kanuni nyingine utazielewa bila kuzikariri.

Anza na majedwali ya mwisho

Kabla ya kubuni fomu yoyote, keti na mtakwimu wa utafiti mchore majedwali ya matokeo yakiwa matupu, yenye vichwa vya safu na mistari lakini bila namba. Tuseme utafiti unalinganisha dawa mbili za shinikizo la damu, na matokeo makuu ni badiliko la namba ya juu ya shinikizo kati ya siku ya kwanza na wiki ya 12. Jedwali tupu litakuonyesha papo hapo kwamba unahitaji vipimo vya siku mbili vinavyolinganishika, tarehe halisi ya kila kipimo, kundi alilopangiwa mshiriki, na taarifa ya kama dawa ilimezwa kama ilivyoelekezwa. Litakuonyesha pia kwamba idadi ya vyumba vya nyumba ya mshiriki na kazi ya mwenzi wake hazina safu ya kuingia.

Swali lisilo na mahali pa kwenda liondolewe. Hapa ndipo timu nyingi hushindwa, kwa kuwa kila mjumbe huja na swali lake ambalo "huenda likafaa baadaye", na hakuna anayetaka kumkatalia mwenzake. Gharama yake huonekana mbele ya safari: muuguzi anachoka, mshiriki anachoka, na uchovu huo hauchagui maswali ya pembeni bali huharibu na yale ya msingi. Isitoshe, kumuuliza mtu habari za maisha yake ambazo hazitatumika ni suala la maadili, na kamati ya maadili ina haki ya kuhoji sababu yake. Msimamo wangu ni kwamba fomu ya kurasa nne iliyojazwa yote ni bora kuliko ya kurasa kumi na tano yenye mapengo.

Kubuni fomu na kamusi ya data

Fomu mbovu huandika "Shinikizo la damu: ________" na kumwachia mpimaji yaliyobaki. Utaletewa "140/90", "140-90", "14/9", "kawaida", na "150/95 lakini 138/88 baada ya kupumzika", na hakuna programu itakayochambua mchanganyiko huo bila mtu kuketi na kuutafsiri mstari kwa mstari. Fomu nzuri huvitenganisha vitu hivyo. Namba ya juu ina kisanduku chake chenye nafasi tatu, namba ya chini ina chake, na kizio, yaani milimita za zebaki, kimeshachapwa pembeni. Zinafuata nafasi za mkono uliopimwa, saa ya kupima, namba ya mashine, na swali la ndiyo au hapana kuhusu kama mshiriki alipumzika ameketi kwa dakika 5. Namba ya mashine huonekana kama udhia hadi siku mashine moja inapogundulika kuwa na hitilafu. Siku hiyo namba hiyo ndiyo pekee inayoweza kukuambia vipimo vipi vya kutilia shaka na vipi vya kuviacha. Kama itifaki inataka vipimo viwili, viwepo visanduku vya vipimo viwili, na wastani usiulizwe kabisa, kwa sababu kompyuta itaukokotoa bila kukosea. Ndivyo ilivyo kwa kila kitu kinachotokana na hesabu: andika uzito na urefu, wala usimwombe muuguzi akokotoe uwiano wake akiwa na wagonjwa wengine mlangoni.

Jihadhari na orodha zinazosema "weka alama kwenye dalili zote alizo nazo". Kisanduku kikiachwa wazi, hutajua kama mshiriki hana dalili hiyo au hakuulizwa. Kila dalili iwe na jibu lake la ndiyo au hapana, hata kama ukurasa utarefuka.

Vizio vya maabara vinahitaji uangalifu wa pekee. Glukosi ya 7 katika milimoli kwa lita ni sawa na 126 katika miligramu kwa desilita. Kreatinini ya 1 katika miligramu kwa desilita ni takriban 88.4 katika mikromoli kwa lita. Maabara mbili za utafiti mmoja zikitumia vizio tofauti, usimtake mtu wa kituoni abadilishe kwa kikokotoo. Aandike namba kama maabara ilivyoitoa, aandike na kizio chake, kisha ubadilishaji ufanywe mara moja na programu ambayo mtu mwingine anaweza kuikagua.

Sambamba na fomu, andika kamusi ya data. Hii ni hati inayoeleza kila kipengele: jina lake fupi kwenye kanzidata, swali kamili lililoulizwa, aina ya jibu, kizio, majibu yanayoruhusiwa na namba zinazoyawakilisha, mipaka inayotarajiwa, na chanzo cha taarifa hiyo. Amua mara moja kwamba 1 ni ndiyo na 0 ni hapana, kisha usibadilishe katika fomu nyingine yoyote. Fomu nayo iwe na namba ya toleo na tarehe yake chini ya kila ukurasa, kwa kuwa itarekebishwa, na baada ya mwaka mmoja utahitaji kujua mshiriki fulani aliulizwa kwa maneno gani.

Utambulisho wa mshiriki uwe namba ya utafiti, wala si jina. Muundo unaofaa una tarakimu za kituo, tarakimu za mfululizo, na mwishoni tarakimu ya ukaguzi inayokokotolewa kutokana na zile zilizotangulia, ili mtu akigeuza 0147 kuwa 0174 mfumo ukatae papo hapo badala ya kumpa mshiriki mmoja majibu ya damu ya mwingine. Namba hiyo ihifadhiwe kama maandishi. Ikihifadhiwa kama namba ya kawaida, sifuri za mwanzo zitapotea.

Tarehe, saa na mapengo

Tarehe iliyoandikwa 03/04/2025 ni tarehe mbili: mmoja ataisoma Aprili 3, mwingine Machi 4. Kwenye kanzidata tumia kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 kinachoanza na mwaka, yaani 2025-04-03, na kwenye karatasi mwezi uandikwe kwa herufi. Kwa saa, tumia mfumo wa saa 24. Anayehoji kwa Kiswahili awe macho zaidi, kwa sababu mshiriki akisema alimeza dawa saa mbili, kwenye fomu jibu ni 08:00 au 20:00 wala si 02:00, na tofauti ya saa sita inatosha kuharibu utafiti mzima wa kiwango cha dawa kwenye damu. Swali la kufuatilia, "asubuhi au usiku?", lichapwe kwenye fomu badala ya kuachwa kichwani mwa mhojaji.

Kisanduku kitupu hakina maana moja. Huenda kipimo hakikufanyika, mshiriki hajui, amekataa kujibu, swali halimhusu, au karani amesahau tu. Kila sababu iwe na alama yake, na alama hizo zisifanane na namba zinazowezekana. Mazoea ya kuandika 99 au 999 ni ya hatari: mtu wa miaka 99 yupo, na mchambuzi asiyesoma kamusi atazijumlisha 999 ndani ya wastani wa umri na kushangaa. Tarehe isiyokamilika nayo iandikwe kama ilivyo. Mshiriki akikumbuka mwaka tu, andika mwaka na uache mwezi wazi kwa alama ya "haijulikani". Usibuni tarehe 15 ili fomu ikamilike. Kama uchambuzi utahitaji kukadiria, mtakwimu atafanya hivyo kwa kanuni iliyoandikwa katika mpango wa uchambuzi.

Chombo cha kuhifadhia

Lahajedwali ya kawaida ni rahisi kufungua, na urahisi huohuo ndio unaomruhusu mtu yeyote kufuta safu au kupanga safu moja huku nyingine zikibaki zilipokuwa, bila kuacha alama yoyote ya kilichofanyika. Mwaka 2020 Uingereza ilichelewa kuripoti karibu visa 16,000 vya korona kwa sababu faili la aina ya zamani la Excel lina ukomo wa mistari 65,536, na iliyozidi haikuingia. Mwaka huohuo ilitangazwa kwamba majina rasmi ya jeni kama SEPT1 na MARCH1 yamebadilishwa, kwa kuwa programu hiyo ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe. Tumia lahajedwali kwa kupanga ratiba za ziara, si kwa kuhifadhi data za washiriki.

Mfumo unaofaa una mambo matatu yasiyo na mjadala: kila mtumiaji ana jina na nenosiri lake mwenyewe, kila mtu anaona kile tu kinachohusu kazi yake, na kila badiliko linaacha kumbukumbu ya thamani ya zamani, thamani mpya, aliyebadilisha, saa na sababu. Kanuni za Marekani za rekodi za kielektroniki, zilizotolewa mwaka 1997, zinadai kumbukumbu za namna hiyo kwa tafiti zinazopelekwa kwa mamlaka ya dawa ya nchi hiyo. REDCap, programu ya kukusanya data iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt mwaka 2004, hutumiwa sana na taasisi zisizo za kibiashara, ambazo hazilipii leseni yake. Vishikwambi vinavyokusanya data bila mtandao na kuzituma baadaye ni msaada mkubwa, mradi saa zake zisahihishwe kila asubuhi na data zisikae humo siku nyingi bila kutumwa.

Mfumo ukishajengwa, ujaribuni kwa washiriki wa kubuni. Mwingizeni mwanamume mjamzito, mtoto aliyezaliwa kesho, na mshiriki aliyejitoa kabla ya ziara ya pili, muone mfumo unasemaje. Kisha mtakwimu azitoe data hizo za majaribio na kujaza yale majedwali matupu ya mwanzo. Jedwali likikataa kujaa, kasoro imeonekana wakati bado inarekebishika.

Siku ya kazi

Mtafiti mkuu aweke orodha iliyosainiwa inayoonyesha nani ameruhusiwa kufanya kazi gani na kuanzia tarehe ipi. Asiyemo kwenye orodha asijaze fomu, hata kama ni daktari bingwa aliyepita kusaidia.

Namba ya kwanza iandikwe mahali inapostahili kukaa. Mpimaji akiandika uzito kwenye kipande cha boksi au kiganjani kisha akahamishia kwenye fomu, kile kipande cha boksi ndicho chanzo, na kinapaswa kutunzwa. Kiganja, kwa bahati mbaya, hakitunziki. Makosa yakitokea kwenye karatasi, piga mstari mmoja juu ya kilichokosewa ili kiendelee kusomeka, andika kilicho sahihi pembeni, kisha weka herufi za jina lako, tarehe, na sababu pale isipojieleza. Wino mweupe wa kufutia hauna nafasi kwenye chumba cha utafiti.

Fomu za karatasi ziingizwe kwenye kompyuta ndani ya siku chache, wakati muuguzi bado anamkumbuka mshiriki. Kwa vipengele vinavyobeba matokeo makuu, waingizaji wawili wafanye kazi hiyo kila mmoja peke yake, kisha mfumo uonyeshe walipotofautiana.

Ukaguzi na hoja

Ukaguzi wa mfumo ni wa aina mbili, na kuzichanganya huleta madhara. Ukaguzi mkali hukataa kabisa kisichowezekana, kama tarehe ya ziara iliyo kabla ya tarehe ya ridhaa. Ukaguzi mwepesi huonya tu: namba ya juu ya shinikizo ikiwa 230, mfumo uulize "una uhakika?" na ukubali jibu likithibitishwa. Ukiweka mipaka mikali kwa vitu vinavyowezekana japo ni nadra, mtu wa kituoni mwenye haraka atapunguza namba mpaka mfumo ukubali, na utakuwa umetengeneza mwenyewe data safi za uongo.

Kinachotiliwa shaka huandikiwa hoja na kurudishwa kituoni. Uandishi wa hoja ni ufundi. Tazama hii: "Uzito wa ziara ya 3 umeandikwa kilo 86. Ziara ya 2 ulikuwa kilo 67.5. Tafadhali angalia kumbukumbu ya chanzo, kisha thibitisha au sahihisha." Linganisha na hii: "Bila shaka ulikusudia 68?" Ya pili inampa mjibu jibu mdomoni, naye atajibu ndiyo ili hoja ifungwe, bila kufungua faili. Huenda mshiriki amejaa maji kwa sababu ya moyo au figo, na kilo 86 ndiyo habari muhimu kuliko zote za ziara hiyo. Msimamizi wa data asibadilishe thamani kwa kukisia; anayejua ni kituo, na kituo ndicho kinachojibu.

Mbali na hoja za fomu mojamoja, kila baada ya muda mtu aitazame picha nzima ya kila kituo. Vipimo vya shinikizo vinavyoishia karibu vyote kwa sifuri vinaonyesha mpimaji anakadiria. Kituo ambacho washiriki wake wote wanafanana mno, ambacho hakina ziara iliyokosekana, au kinachoonyesha ziara siku ambayo kliniki imefungwa, kinahitaji kutembelewa. Mara nyingi sababu ni mafunzo duni. Wakati mwingine ni data za kutunga, na hazigunduliki kwa kukagua fomu mojamoja kwa kuwa kila moja, ikiwa peke yake, ni nzuri.

Siri ya mshiriki na matukio mabaya

Orodha inayounganisha majina na namba za utafiti ikae mahali pake peke yake, imefungwa, mbali na data za afya. Kuondoa jina hakutoshi: tarehe kamili ya kuzaliwa, jina la kijiji na ugonjwa adimu kwa pamoja humtaja mtu kana kwamba umeandika jina lake. Kwa faili litakalotolewa kwa watafiti wengine, badilisha tarehe ya kuzaliwa kuwa umri, na maeneo yawe mapana. Mazoea yanayonitia wasiwasi kuliko wadukuzi ni picha ya fomu inayotumwa kwenye kundi la WhatsApp ili mtu "asaidie kusoma mwandiko". Kateni mazoea hayo siku ya kwanza ya mafunzo.

Tukio baya ni kubwa kwa maana ya utafiti likisababisha kifo, likihatarisha uhai, likimlaza mshiriki hospitalini au kurefusha kulazwa kwake, likimwachia ulemavu, au likileta kasoro ya kuzaliwa kwa mtoto. Halisubiri ratiba ya kuingiza data. Kituo humjulisha mdhamini wa utafiti mara moja, na itifaki nyingi huweka ukomo wa saa 24. Likidhaniwa kutokana na dawa, likawa halikutarajiwa, na likawa la kifo au la kuhatarisha uhai, mwongozo mwingine wa kimataifa, ICH E2A, unamtaka mdhamini aripoti kwa mamlaka ndani ya siku 7. Mengine makubwa ya namna hiyo, ndani ya siku 15. Kwa kuwa taarifa hizo huingia kwenye mfumo wa usalama ulio tofauti na kanzidata ya utafiti, mifumo hiyo miwili ilinganishwe mara kwa mara: kifo kilichopo huku na kukosekana kule ni kosa litakaloonwa na mkaguzi wa kwanza atakayepita.

Kufunga na kuhifadhi

Kanzidata hufungwa pale fomu zote zinazotarajiwa zimeingia, hoja zimejibiwa, majina ya magonjwa na dawa yamepewa alama za kamusi rasmi (kama MedDRA kwa magonjwa), matokeo ya maabara yameoanishwa, na mtafiti mkuu amesaini kwamba data za kituo chake ni za kweli. Siri ya nani alipata dawa ipi ifunguliwe baada ya hapo. Utaratibu huo hauna njia ya mkato, kwa sababu mtu anayejua makundi hawezi tena kuamua bila upendeleo kama thamani ya ajabu ibaki au iondolewe. Kosa likigunduliwa baada ya kufunga, pawepo na utaratibu ulioandikwa wa kufungua, wenye sababu, saini na orodha ya kilichobadilika.

Wakati wote wa utafiti, weka nakala rudufu tatu, katika aina mbili za vyombo, moja ikiwa nje ya jengo, na ujaribu kurejesha data kutoka nakala hizo kabla hujahitaji kufanya hivyo. Kwa hifadhi ya muda mrefu, uliza mapema masharti ya nchi na ya mfadhili. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, unataka faili kuu la utafiti wa dawa litunzwe kwa angalau miaka 25. Kwa urefu huo wa muda programu ya leo huenda isiwepo, kwa hiyo hifadhi data katika mafaili ya maandishi matupu yanayosomeka na programu yoyote, pamoja na kamusi ya data, matoleo yote ya fomu, itifaki na marekebisho yake, kumbukumbu za mabadiliko, na programu za uchambuzi zilizotoa majedwali. Kisha mpe faili hilo mtu ambaye hakushiriki kwenye utafiti, mchagulie namba moja kutoka jedwali la matokeo, na umtake aifuate hadi kwenye karatasi ilikoandikwa kwa mara ya kwanza. Mahali atakapokwama ndipo penye kazi iliyobaki kabla hujafunga boksi.